Fedha ya mkeo si yako kuisamehe

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na ofisi yetu mwaka 2019. Kwa muda sasa nafuata mafundisho ya Buddha. Nayasikiliza kwenye simu na kila jioni nafanya meditesheni. Nimeacha pombe, nimeacha hasira. Tatizo ni mke wangu. Akipiga kelele, mimi nakaa kimya. Alipofiwa na baba yake nilimwambia kila kilichozaliwa lazima kife, akaninunia. Kisa kikubwa ni milioni mbili na laki nne za zabibu nilizomkopesha rafiki yangu. Rafiki amekwama, nami nimeamua kuachilia, maana kung'ang'ania fedha ndiko chanzo cha mateso. Mke wangu amechukua watoto na kurudi kwa mama yake Mpunguzi. Mama mkwe ananiita jiwe. Lakini hata Buddha mwenyewe aliiacha familia akatafuta ukweli. Nifanyeje mke wangu aielewe amani niliyoipata?*
*Mtafuta Amani, Nkuhungu, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Kuacha pombe ni jambo kubwa na nakupongeza kwa dhati. Wake wengi wanaoniandikia wangelipia kuisikia habari hiyo. Pongezi ziishie hapo, kwa sababu mimi niko upande wa mkeo, na wa mama mkwe pia.

Barua yako ni ndefu, hapo juu nimeifupisha. Katika barua nzima umeueleza utulivu wako kwa mapana na marefu, lakini yapo mambo umeyapitia mbio kama mtu anayepita nje ya duka analodaiwa. Mwanao wa mwisho ana miaka minne. Umeandika hivi: "Mtoto akilia naitazama ile sauti inakuja, inapita, simhukumu." Mwanangu, mtoto wa miaka minne analia kwa sababu ana njaa, au ameumia, au anamtaka baba. Anayetazamwa tu na baba yake akilia anajifunza kwamba baba hayupo.

Wapo watakaotaka nikwambie uiache dini hiyo ya wageni urudi kanisani au msikitini. Sitakwambia hivyo. Mafundisho hayo yana zaidi ya miaka 2,000, yamelea ndoa nyingi mno Sri Lanka, Thailand na Myanmar, na hata Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu enzi za ukoloni. Nitakupima kwa mizani hiyo hiyo uliyoichagua wewe.

Tuanze na fedha, maana ndipo ulipojificha. Umeandika "fedha za zabibu" ukasonga mbele. Zabibu za nani? Ni mpaka chini kabisa, unapolalamika kuwa mkeo "anaandika kila shilingi kwenye daftari," ndipo unapoponyokwa na neno kwamba shamba alipewa na marehemu baba yake. Basi fedha ni yake. Kila mkazi wa Dodoma anajua zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na fedha ya mavuno si ya kula yote. Kuna kupogolea, kuna samadi, kuna dawa ya ukungu, kuna vibarua. Mzabibu usipopogolewa kwa wakati, msimu unaofuata unakuzalia majani. Ulipotoa ile milioni mbili na laki nne ulitoa na mavuno yajayo.

Wabuddha wa kawaida, wasio watawa, wana kanuni tano. Ya kwanza kutoua, ya pili kutochukua kisichotolewa, ya tatu kutozini, ya nne kutosema uongo, ya tano kutokulewa. Wewe umeishika ya tano, umeivunja ya pili, na kwenye ya nne sijui tuseme nini, maana umemtaja "rafiki yangu" tena na tena bila kusema ni nani, anafanya kazi gani, anakaa wapi, ni mwanamume au ni mwanamke. Mkeo anajua? Kama hajui, ndiyo sababu amefunga virago. Kama anajua, ndiyo sababu zaidi.

Halafu unasema umeachilia. Mtu huachilia kilicho chake. Cha mwenzako unakirudisha. Dawa ya deni ni kulipa, na asipolipa rafiki, atalipa aliyemkopesha. Hata sheria haiko nawe: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake, na pete aliyoivaa haikuifanya kuwa yako.

Yapo mafundisho ya Buddha aliyoyatoa kwa watu wenye nyumba na watoto, nashangaa simu yako haijakufikisha huko. Kijana mmoja, jina lake Sigala, alikuwa akitoka alfajiri nje ya mji wa Rajagaha, nguo na nywele zikiwa mbichi kwa maji, anaziinamia pande sita za dunia kwa kuwa baba yake alimwachia wosia huo. Buddha akamwambia pande sita za kuheshimu ni watu. Mashariki ni wazazi, kusini ni walimu, magharibi ni mke na watoto, kaskazini ni marafiki, chini ni wale wanaokufanyia kazi, juu ni watawa. Kwa mke akataja mambo matano: mume amheshimu, asimdharau, asitoke nje ya ndoa, ampe mamlaka ya nyumba, na ampe mapambo. Umesoma hapo? Ampe mamlaka. Daftari unalolidharau ndilo mamlaka yenyewe. Katika mazungumzo hayo hayo anafundisha mali igawanywe mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kuendeshea kazi, la nne likae kwa siku ya shida. Mkeo, ambaye hajawahi kufumba macho na kukaa kwenye mto wa meditesheni, alikuwa anafanya hivyo hivyo. Na alipowataja marafiki wa uongo, Buddha alianza na yule anayekuja kuchukua tu.

Sasa msiba. Hapa nitakaa, kwa sababu naamini hapa ndipo ndoa yako ilipopasuka, hizo fedha zimekuja kumalizia.

Siku ya pili ya matanga, mkeo yuko chini kwenye mkeka, macho yamevimba, wewe unainama na kumwambia kila kilichozaliwa lazima kife, acha kulia. Ulidhani unampa hekima. Nikukumbushe Kisa Gotami, yule mama aliyefiwa na mwanawe akazunguka naye mikononi akiomba dawa. Watu walimwona amerukwa na akili. Alipofika kwa Buddha, Buddha hakumwambia "kila mtu atakufa." Alimwambia akalete punje za haradali kutoka nyumba ambayo hakuna aliyewahi kufa. Akaenda mlango kwa mlango. Haradali kila nyumba ilikuwa nayo, lakini hapa wamemzika baba, pale wamemzika binti, kule mume. Watu wale wakamsimulia maiti wao, naye akaelewa kwa miguu yake mwenyewe, akaenda kumzika mwanawe. Buddha alimpa njia na muda, na akampa watu.

Na sisi msiba wetu ndivyo ulivyo, ungeutazama. Wale wanawake waliokaa na mkeo wakichambua mchele na kumfuta kamasi kwa kanga zao, hakuna ambaye hajazika. Huyu kamzika mama, yule watoto wawili. Hawakumhubiria. Walikuja, wakakaa, wakalia naye, wakakesha, na kwa kuwaona tu mkeo alikuwa anajifunza lile lile alilojifunza Kisa Gotami. Wewe pekee ndiye uliyemharakisha. Mama mkwe, naye akiwa mjane wa siku mbili, akasikia. Leo anakuita jiwe, nami nashindwa kumtafutia kosa.

Utulivu uliofundishwa na Buddha upo, ni kweli, na ni kitu kizuri sana. Lakini mwalimu mkubwa Buddhaghosa, aliyeandika kule Sri Lanka katika karne ya 5, alionya kwamba utulivu una adui wa karibu anayefanana nao sura, na adui huyo ni kutojali. Mkeo anapiga kelele, wewe unanyamaza, halafu unajipa alama. Je, anapiga kelele kuhusu nini? Kurasa zote hizo hukuandika hata sentensi moja aliyoisema. Mtu mwenye utulivu husikia vizuri zaidi kuliko wengine. Wewe umezima redio.

Kuhusu Buddha kuiacha familia. Ndiyo, Siddhartha Gautama, ambaye ndiye Buddha mwenyewe, aliondoka akiwa na miaka 29, akamwacha mkewe Yasodhara na mtoto mchanga Rahula. Lakini alipoondoka aliacha vyote, ikulu, cheo, nguo na nywele. Hakubaki sebuleni akisubiri chakula cha Yasodhara huku akimwambia asimsumbue. Na waliobaki nyuma waliumia, vitabu vyao havifichi. Rahula alipokuja kufanywa mtawa akiwa bado mtoto, babu yake Suddhodana alimweleza mwanawe wazi jinsi jambo hilo lilivyomkata moyo, na Buddha akaweka kanuni kwamba mtoto asiingizwe utawani bila ruhusa ya wazazi. Alipoambiwa na baba yake kwamba ameumiza watu wa nyumbani, hakufumba macho kuitazama sauti ikipita. Alisikiliza, akatunga sheria. Wewe si mtawa, mwanangu. Wewe ni mume mwenye mshahara, mke na watoto, na Buddha alikuwa na mafundisho tele kwa watu kama wewe.

Walikuwepo mume na mke, Nakulapita na Nakulamata, wazee waliopendana tangu ujana. Walimwendea Buddha wakamwambia wanataka kuwa pamoja katika maisha haya na yajayo. Hakuwaambia hiyo ni kung'ang'ania. Aliwaambia wafanane katika imani, katika mwenendo, katika ukarimu na katika hekima. Siku mume alipougua akaonekana wa kufa, mke alikaa karibu akamwambia usife na wasiwasi, mimi najua kusokota pamba, watoto nitawalea, nyumba itasimama. Mzee akapona, na Buddha akamwambia ana bahati ya kuwa na mke wa namna ile. Wewe unaye wa kukwambia hivyo. Yuko Mpunguzi anahesabu namna ya kupogolea bila fedha.

Nisiseme nawe peke yako. Ndoa za siku hizi zimeingiwa na ugonjwa huu: mtu anapata neno jipya, anakuja nalo nyumbani kumchapia mwenzake. Mmoja ameokoka, basi mke asiyeokoka anakuwa pepo. Mwingine amehudhuria semina ya mafanikio, basi mume anakuwa "mtu wa kumrudisha nyuma." Mabinti nao wananiandikia "nalinda amani yangu," nikiuliza inalindwa dhidi ya nani, ni dhidi ya mama mkwe mgonjwa anayehitaji kuogeshwa. Neno la Mungu, neno la Buddha, neno la mtaalamu wa saikolojia, lolote lile, kama limekufanya uwe mwepesi zaidi kwako na mzito zaidi kwa wa nyumbani kwako, umelipokea vibaya. Wazee wetu waliishi na vichwa vigumu vya wenzao miaka arobaini bila kujua jina la mazoezi wanayoyafanya. Mchuma janga hula na wa kwao, na watoto wako tayari wamehamishwa shule kwa sababu ya amani ya mtu mmoja.

Sasa fanya hivi. Jumamosi hii panda gari la Mpunguzi. Usiende na mshenga, usiende na simu yenye mafundisho. Mwamkie mama mkwe, kaa unapoonyeshwa, mpe pole ya msiba ambayo hukumpa ipasavyo, na mwache aseme mpaka amalize. Usifumbe macho. Kisha mwambie mkeo, mbele ya mama yake, kwamba fedha ilikuwa yake na uliitoa bila ruhusa. Mpigie rafiki yako simu hapo hapo, sauti iwe wazi, aseme atalipa lini. Akikwepa, deni ni lako. Andika kwenye daftari la mkeo, kwa mkono wako, utakatwa kiasi gani kwenye mshahara kila mwezi, na uanze na fedha ya kupogolea maana mizabibu haisubiri. Kama jina la rafiki huyo ni gumu kulitaja mbele ya mkeo, lina tatizo kubwa kuliko la fedha, na hilo ulimalize kabla ya Jumamosi.

Usimwombe arudi siku hiyo. Atarudi akiona.

Meditesheni usiiache. Ihamishe iwe saa kumi na moja alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala. Saa moja jioni ni ya madaftari ya shule na kumlisha yule mdogo. Na mkeo akitaka kuniandikia, mwambie Shangazi anasubiri barua yake.