miR-16 imepanda? Kwanza itazame plazma

Msomaji mmoja ametuandikia kwa furaha: miR-16, moja ya maikroRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti jeni), katika damu ya wagonjwa wake wa kiharusi imepanda mara nne kuliko kwa watu wenye afya. Anauliza kama aanze kuandika makala. Bado! miR-16, sawa na miR-451a, imejaa tele ndani ya seli nyekundu. Seli chache zikipasuka wakati wa kuchota damu, namba hupanda bila ubongo kuhusika hata kidogo. Tena mgonjwa wa kiharusi huchotwa damu kwa haraka, pengine kupitia kanula nyembamba, ilhali wa kundi la kulinganishia ameketi ametulia. Tofauti inaweza kuzaliwa hapo hapo kwenye sindano.

Macho hayatoshi kuuona wekundu wa seli zilizopasuka. Pima ufyonzaji wa mwanga wa plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) kwenye nanomita 414, ukizidi 0.2, sampuli iweke kando. Plazma yenye mafuta mengi hukidanganya kipimo hicho, kwa hiyo ongeza cha pili: chukua Cq (namba ya mzunguko ambapo PCR, mbinu ya kuzidisha vinasaba, huanza kuona RNA; ikiwa ndogo, RNA ni nyingi) ya miR-23a-3p, utoe Cq ya miR-451a. Ikibaki chini ya 5, endelea. Ikizidi 7, seli zilipasuka.

Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni wasumbufu zaidi, kwa sababu zimebeba miR-223 na miR-126, ambazo watu hukimbilia kuziita alama za kiharusi. Kuzungusha damu kwa mashine (sentrifuji) mara moja hakuziondoi zote. Zungusha damu kwa 2,000 g (mara 2,000 ya nguvu ya mvutano) dakika 10, nyonya plazma ukiacha nusu sentimita juu ya seli, kisha izungushe tena kwa 10,000 g dakika 10 na usiguse masimbi yaliyotuama chini. Yote haya kabla ya kugandisha. Ukigandisha chembe sahani pamoja na plazma, zitapasuka wakati wa kuyeyusha na kumwaga RNA yake humo, na hakuna mashine ya kuitenganisha tena. Gawa kwenye vichupa vidogo, hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Tumia mirija ya EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, huzuia PCR, na baadhi ya wagonjwa wanaotolewa bonge la damu kwa katheta hupewa heparini, kwa hiyo wachotwe damu kabla ya utaratibu huo. Ikishindikana, RNA yao ipitishwe kwenye heparinasi, kimeng'enya kinachovunja heparini, lakini basi zipitishwe za wote, si zao peke yao.

Wakati wa kuchuja RNA kutoka maikrolita 200 za plazma, cel-miR-39 ya kutengenezwa (maikroRNA ya mnyoo, ya kupimia kama uchujaji ulikwenda vizuri) huongezwa baada ya kimiminika cha kuvunjia protini. Ukiitia kwenye plazma tupu, vimeng'enya huila mara moja, kisha unalaumu vifaa vya kuchujia. Usihangaike kupima wingi wa RNA kwa mwanga, ni kidogo mno. Tumia ujazo ule ule kwa kila sampuli. Na miR-16 isiwe kigezo cha kusawazishia, kwa sababu ulizokwisha kuziona.

Hata sampuli ikiwa safi, swali la maana linabaki. miR-124 hutoka hasa kwenye niuroni (seli za neva), lakini hupanda pia baada ya moyo kusimama, maana inaonyesha niuroni zimekufa, haisemi zimeuawa na nini. Ndiyo maana kundi la kulinganishia linatakiwa liwe la waliofika na dalili kama za kiharusi, kumbe ni kifafa, kipandauso au sukari kushuka. Andika pia saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho; sampuli ya saa 2 na ya saa 24 haziwekwi kapu moja.

Na tusijidanganye kuhusu chumba cha dharura. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4.5, picha ya CT huchukua dakika chache, na PCR yenye hatua hizi zote hula saa kadhaa. Faida ya maikroRNA kwa sasa iko kwenye kukisia ukubwa wa madhara na kuelewa jeni zipi zinazimwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuletee kwanza namba zako za 414 kwa makundi yote mawili.