Skana Isitoke Sandukuni Kabla ya Alama za Msingi

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekata tamaa. Ameskani majengo sita ya chuo kwa skana ya leza, mashine inayopima mamilioni ya nukta ili kujenga mfano wa jengo kwenye kompyuta, na kila jengo peke yake linapendeza, lakini akiyaweka pamoja ngazi za maktaba zinaingia ndani ya ukuta wa bweni. Anauliza anunue programu gani. Ndugu yangu, hakuna programu ya kuponya hilo. Umekosa alama za msingi, yaani nukta za kudumu zenye koordineti zilizopimwa, ambazo majengo yote hufungwa kwazo.

Chagua sehemu nne au tano zenye anga wazi, kila moja ikiona angalau mbili nyingine, kisha weka pini za chuma kwenye zege. Mbili zilizo mbali zaidi zipime kwa kipokezi cha setilaiti kwa saa moja au mbili, na zilizobaki ziunganishe kwa totali stesheni (chombo cha kupima pembe na umbali) katika mzunguko unaorudi ulikoanzia. Mzunguko ukikataa kufunga, yaani namba za mwisho zisipolingana na za mwanzo, kosa limejitangaza mapema. Usipoufunga kabisa, kosa litanyamaza mpaka siku ya kukabidhi kazi.

Kuna mtego mwingine hapa. Skana hupima umbali halisi wa ardhini, wakati gridi ya UTM, mfumo wa koordineti za ramani, imepunguzwa. Kwenye meridiani ya kati, mstari wa katikati ya ukanda wake, kizio chake (namba ya kuzidishia umbali) ni 0.9996, maana yake kilomita 1 ya ardhini inakuwa mita 999.6 kwenye gridi. Eneo likiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, zinapungua sentimita 23 hivi nyingine. Kwa kampasi ya chuo, tumia gridi ya ndani yenye kizio 1, na uandike wazi namna ya kuigeuza kwenda UTM. Mwinuko nao usiuchukue mbichi kutoka kwenye setilaiti: unahesabiwa kutoka kwenye duaradufu ya hesabu, umbo laini linalokadiria dunia, na unaweza kupishana na usawa wa bahari kwa makumi ya mita.

Ndani ya jengo, mlango ndio kila kitu. Simamisha skana kizingitini, mlango ukiwa wazi, ili ione chumba na korido kwa pamoja. Ukiruka kizingiti, chumba kitaning'inia kwenye kipande chembamba cha fremu na kitazunguka kidogo. Mzunguko wa nyuzi 0.05 tu, ukifika mwisho wa korido ya mita 100, ni karibu sentimita 9. Ndiyo maana korido ndefu haiachiwi programu iunganishe mawingu ya nukta (nukta zote za kila skani) kwa kufananisha kuta: kuta mbili sambamba zinafanana popote unapozitelezesha. Bandika shabaha za miraba myeusi na myeupe mwanzoni, katikati na mwishoni, tena kwa urefu tofauti, na uzipime kwa totali stesheni.

Vioo vitakudanganya. Miale hupenya au huakisiwa, na nyuma ya dirisha hutokea chumba ambacho hakipo. Zifute nukta hizo kabla ya kuunganisha, si baada. Sakafu yenye maji ni hivyohivyo.

Mapaa yaachie droni, picha zikipishana asilimia 75 hadi 80, lakini alama zake za ardhini zitoke kwenye mtandao uleule wa alama za msingi. Droni yenye koordineti zake na skana yenye zake ni kampasi mbili.

Na tafadhali, usiiamini ripoti inayosema kosa ni milimita 2. Inapima jinsi mawingu yanavyokubaliana yenyewe kwa yenyewe, na yanaweza kukubaliana yote yakiwa yameinama. Pima kona kumi za madirisha na mifuniko ya chemba kwa totali stesheni, usiipe programu vipimo hivyo, kisha linganisha na skani. Tofauti zote zikielekea upande mmoja, tatizo ni koordineti. Zikikua kadiri unavyokwenda mbali, ni kizio au korido. Zikitawanyika ovyo, kagua shabaha.

Kwa msomaji wetu: usirudie kuskani. Weka alama za msingi sasa, pima kona sita au nane zinazoonekana vizuri katika kila jengo, za chini na za juu, kisha lifunge kila wingu kwenye kona hizo bila kuruhusu programu ibadilishe kizio. Kona mbili za kila jengo zibakize kwa ukaguzi.