Hakuna barua ya anayekupangisha, usitoe hela

Mdogo wangu unayejiandaa kuja kusoma Ujerumani, usimtumie hela huyo kaka anayetaka kukupangisha chumba. Nimesoma maswali yako yote, la nguo za baridi, la kazi za wikiendi, la Kijerumani na la chumba, lakini nimekwama kwenye sentensi moja: "Chumba ni euro 420 tu, ila amesema hakuna Anmeldung, nitajiandikisha nikipata pengine." Anmeldung ni kuandikisha anwani yako serikalini. Moyo umenipiga paa. Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi na Mtanzania mwenzangu aliyekuwa ameishi miaka 8 München, jiji la kusini mwa Ujerumani.

Nilifika Oktoba 2023. Kodi ilikuwa euro 550, dipoziti 1,100, vyote taslimu mkononi, risiti hakuna. Nikamwuliza kuhusu kujiandikisha, akasema, "Acha woga, wote tulianza hivi." Nikamwamini kwa sababu alinipokea kituoni, akanibebea begi, akanipikia ugali usiku ule. Mtu aliyekulisha siku ya kwanza ugenini humdai karatasi.

Karatasi yenyewe inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Ni fomu ya ukurasa mmoja ambayo aliyekupa nyumba anaandika kwamba umehamia kwake tarehe fulani, anasaini, basi. Unakwenda nayo ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 tangu kuhamia, unaandikishwa. Bila hiyo kwenye vitabu vyao wewe huishi popote.

Sasa sikiliza kilichonikuta. Hela yangu ya mwaka mzima ilikuwa kwenye akaunti ya kufungiwa, ile mwanafunzi anayoiwekea hela ya kujikimu ili apate visa; wakati huo tuliweka euro 11,208 (tangu Septemba 2024 ikawa 11,904). Inatoka kidogo kidogo kila mwezi, kwangu 934, lakini inatumwa kwenye akaunti ya kawaida ya benki, ambayo lazima uifungue kwanza. Nikaenda benki mbili, zote zikataka cheti cha makazi, kile unachopewa ukishaandikishwa. Nina milioni za shilingi zenye jina langu na mfukoni nina euro 60! Kaka yangu Dodoma akauza pikipiki anayofanyia kazi ili mimi nile. Hadi leo nikilitaja jambo hilo kwake hulikwepa, na mimi ndilo linaloniuma kuliko yote.

Halafu barua. Ujerumani kila kitu kinakuja kwa posta, na mleta barua anaangalia jina kwenye sanduku. Nikaandika jina langu kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika kwa selotepu chini ya jina la mwenyeji. Nikirudi jioni kimebanduliwa. Nikabandika tena, kikabanduliwa tena. Siku ya tatu nikamkuta anakikwangua kwa ukucha, akaniambia taratibu, bila hata kunitazama, "Mwenye nyumba akiona jina lako tunafukuzwa wote." Hapo ndipo nilipoelewa. Nyumba haikuwa yake, aliipanga, na mwenye nyumba hakujua kwamba analaza watu. Barua za bima ya afya zilirudishwa zilikotoka.

Nina hasira naye, sifichi. Alijua. Anayekupangisha chumba ndiye anayetakiwa kukusainia, hata kama naye ni mpangaji. Hakutaka kwa sababu saini ingemfichua, akaona heri nihangaike mimi. Visa yangu ilikuwa ya miezi 3, na kibali cha ukaazi nacho kinataka uwe umeandikishwa. Mwisho wa Novemba mama mmoja Mkongo wa kanisani akanipa chumba cha mwanawe aliyehamia Köln, akasaini ile fomu palepale mezani, kwa kalamu ya kijani. Dipoziti yangu ya kwanza sikuiona tena.

Wengine waliokujibu hapo juu wamekushauri ujiandikishe kwa rafiki huku unalala kwingine. Usithubutu. Kuchelewa kujiandikisha kunaweza kukutoza hadi euro 1,000, lakini anayekupa anwani ya uongo anaweza kutozwa hadi 50,000. Usimwingize mtu kwenye shimo hilo, na wewe usiingie.

Unauliza kazi za wikiendi: mwajiri atataka namba yako ya mlipakodi, na namba hiyo inatumwa kwa posta baada ya kuandikishwa. Unaona? Kila mlango unafunguliwa na fomu ileile.

Kwa hiyo kabla hujauliza kodi, kabla hujaomba picha za jiko, uliza fomu. Chumba cha euro 500 chenye saini ni rahisi kuliko hicho cha 420. Na dipoziti, sheria inamzuia mtu kudai zaidi ya kodi ya miezi 3 bila gharama za maji na joto, nawe una haki ya kuilipa kwa awamu 3. Asikukimbize. Wakati huohuo omba hosteli ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, leo, usingoje visa, maana foleni ya miji mikubwa ni ndefu.

Usiku huu mwandikie huyo kaka swali moja tu: "Utanisainia Wohnungsgeberbestätigung siku nitakapohamia?" Akianza kukuzungusha, au akikuambia mambo ya undugu, mshukuru, ufute namba yake. Kisha rudi hapa unieleze amejibu nini. Nangoja.