Kumalizana nje ya mahakama: niliyojifunza kwa sababu ya wikio

Nyumba ya marehemu baba, hapa Lamu mjini, imeunganishwa na ya jirani kwa wikio, chumba kile kilichojengwa juu ya kichochoro, watu na punda wakipita chini yake. Boriti mbili zilioza, chokaa ikawa inawadondokea wapita njia. Fundi akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijibu: chumba hiki cha nani, na nani atalipa?

Jirani alisema ni chake, kwa kuwa mlango uko upande wake. Nami nikasema boriti zimelalia ukuta wetu. Tukafikishana kwa mawakili, na katika barua ya wakili wake nikakutana na maneno haya: yuko tayari kusuluhisha nje ya mahakama. Nikayaelewa visivyo. Nilidhani maana yake ni kwamba sheria tunaiweka kando.

Tukakaa barazani baada ya laasiri, wazee wawili kati yetu. Tukakubaliana nitengeneze kwa pesa zangu na chumba kiwe chetu. Tukasoma Fatiha, tukapeana mikono. Nililipa boriti, chokaa na ujira wa fundi. Miaka mitatu baadaye jirani akafariki, Mungu amrehemu, na mmoja wa wale wazee alikuwa ameshatangulia. Wanawe wakaja kutoka Mombasa wakasema hawana habari ya makubaliano yoyote. Siwalaumu, hawakuwapo.

Nilimwendea ami yangu, karani wa mahakama mstaafu. Hakuuliza nani ana haki.

"Karatasi iko wapi, mwanangu?"

"Hatukuandika, ami. Tulisoma Fatiha."

"Mngesoma, kisha mkaandika."

Akanieleza nilichopaswa kukijua mapema. Tendo la nje ya mahakama ni lile lisilofanyika mbele ya hakimu wala ndani ya kesi: mazungumzo, usuluhishi, barua ya madai, hata kukiri deni barazani. Lakini liko ndani ya sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanishi, usuluhishi na njia za jadi, mradi zisivunje haki za binadamu wala Katiba yenyewe. Na Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, inataka mkataba wa kuhamisha haki katika ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na wahusika wote, na kila saini iwe na shahidi. Nyumba imo humo. Mikono yetu tuliyopeana haikutosha.

Jambo la pili linawaumiza wengi: mazungumzo hayasimamishi saa. Madai ya mkataba au deni hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, ya kudai ardhi ndani ya miaka 12. Mtu anaweza kukuambia "tutaongea baada ya Idi" mpaka muda ukaisha. Ukiona anasitasita, mwombe akiri deni kwa maandishi na saini, maana hapo miaka huanza kuhesabiwa upya. Nawe ukitaka kupendekeza suluhu bila maneno yako kugeuzwa ushahidi dhidi yako, iandikwe waziwazi kwenye barua kwamba ni mazungumzo ya suluhu, bila kuathiri haki. Na ikiwa kesi imeshafunguliwa, makubaliano yapelekwe kwa hakimu yaandikwe kuwa amri ya mahakama. Yakibaki mfukoni, mwenzako akiyavunja utalazimika kuanza upya.

Yako mambo ambayo hayamalizwi nyumbani, na hapa nasema kwa uchungu. Mtoto akinajisiwa, familia haina ruhusa ya kupokea mbuzi na pesa ikafunga faili. Uamuzi wa kusimamisha mashtaka ya aina hiyo si wa wazazi wala wa wazee, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayeita hilo suluhu anamwacha mtoto peke yake.

Tena maneno haya haya huyasikia kwenye habari, "mauaji ya nje ya mahakama". Hapo hakuna aliyekubali chochote: mtu ameuawa na vyombo vya dola bila kusikilizwa, na haki yake ya kuishi na ya kuhukumiwa imevunjwa. Usichanganye mambo hayo mawili.

Kuhusu wikio, tulikaa tena na wale vijana, safari hii kwa wakili. Tulichora chumba, tukapima toka ukuta hadi ukuta, tukaandika nani anamiliki na nani anapita mlango upi. Kila mmoja alitia saini mbele ya shahidi, nakala tatu. Kabla ya kusaini, yule mdogo aliomba kuongezwe mstari mmoja: ukuta wa upande wao ukihitaji chokaa tena, nani atanunua. Tukauandika.