Nunua tangi la samaki wa mwakani

Safari hii karibu kila aliyeandika ameuliza lita: lita ngapi kwa samaki huyu, lita ngapi kwa yule. Nimechagua maswali manane. Kama lako halimo, huenda limejibiwa ndani ya la mwenzako.

*Shikamoo. Mwanangu wa darasa la tatu aliletewa na mjomba wake samaki wawili wa dhahabu na bakuli la kioo la duara. Mmoja kafa siku ya tisa. Aliyebaki anakaa juu juu, anapigapiga mdomo kama mtu anayepuliza uji wa moto. Nifanyeje? (Mama, Tabata)*

Marahaba, mama. Huyo anatafuta hewa. Chukua jagi lenye vipimo uone bakuli hilo linaingia maji kiasi gani. Nadhani hazifiki lita tano. Sasa samaki wa dhahabu, hata wale wanene wenye mkia kama shela, hufika sentimita 15 hadi 20, na wembamba wa mkia mmoja hupita hapo. Wakitunzwa huishi miaka 10 na zaidi. Ni walafi, na mlafi huchafua.

Uchafu unaoua si kinyesi unachokiona. Ni amonia, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua saa zote, na haina rangi. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitreti ambayo si kali. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kushamiri kwenye chujio na changarawe. Bakuli halina chujio na lilikuwa na siku tisa tu, kwa hiyo mwambie mtoto kwamba hakumuua yeye.

Leo hii mhamishie kwenye ndoo ya lita 20 ambayo haijawahi kuona sabuni. Tumia maji ya bomba yaliyolala wazi tangu jana ili klorini itoke. Badilisha theluthi ya maji kila siku, na chakula kiwe punje chache mara moja kwa siku. Kisha anza kutafuta tangi la lita 80 kwa huyo mmoja, na uongeze lita 40 kwa kila mwenzake. Ukiona ni gharama, mpe mtu mwenye bwawa, umnunulie mtoto gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, watano madume na tangi la lita 40. Bakuli linafaa kwa ndimu.

*Nimesoma kwamba kila sentimita moja ya samaki inahitaji lita moja ya maji. Tangi langu ni 60 kwa 30, kimo 36. Hesabu inanipa samaki wangapi? (Arusha)*

Hesabu ya lita kwanza. Zidisha 60 kwa 30 kwa 36 unapata 64,800. Gawanya kwa 1,000, lita 64.8. Lakini hujazi hadi mdomoni, na chini utaweka changarawe na mawe. Kilichobaki ni lita 50 hivi, na hizo ndizo samaki watakazoishi ndani yake.

Ile kanuni mimi naipunguza nusu: sentimita moja kwa lita mbili. Hata hivyo inafaa kwa samaki wadogo wembamba tu. Chukua dagaa kumi wa sentimita tatu tatu, uwapange mstari: sentimita 30. Mlaze kando yao sato mmoja wa sentimita 30. Urefu ni sawa. Haya, sasa wapeleke kwenye mizani. Dagaa wote kumi hawafiki uzito wa kichwa cha huyo sato, ambaye anakaribia nusu kilo. Samaki akizidi urefu mara mbili, mwili wake unazidi mara nane, na anayekula, kupumua na kuchafua maji ni mwili, si urefu.

Kwa hiyo kwa lita zako 50 unaweza kuweka gapi madume wanane hadi kumi, basi. Nasema madume kwa makusudi. Jike la gapi huzaa karibu kila wiki nne, makumi ya vitoto kwa mkupuo, na mbegu za dume anaweza kuzihifadhi miezi kadhaa. Ukimtoa dume leo, jike ataendelea kuzaa kana kwamba hakuna kilichotokea, na hesabu yetu yote hapa itakuwa bure ndani ya miezi mitatu.

*Niliuziwa pleko wa sentimita sita, yule wa kunyonya kioo. Muuzaji akaniambia samaki hukua kulingana na tangi, eti hatazidi. Ni kweli? (Nairobi)*

Nami niliambiwa hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, na duka silitaji kwa sababu maduka yote yalikuwa yakisema maneno hayo. Nilimweka wangu kwenye tangi la lita 60. Baada ya mwaka na nusu alikuwa na urefu wa mwiko wa ugali. Usiku akigeuka, mawe yanahama. Usiku mmoja alikipiga kikombe cha kunyonyea cha hita kikabanduka, hita ikalala juu ya changarawe hadi asubuhi.

Samaki aliyedumaa hakujipima na tangi akaamua kusimama. Amedumazwa na maji machafu na nafasi finyu, na huyo haishi umri wake. Pleko wa kawaida hufika sentimita 30 na zaidi, anataka tangi la lita 400 kwenda mbele, na kazi ya kusafisha anayosifiwa anaifidia kwa mavi mengi kuliko mwenzake yeyote tangini. Ukitaka mnyonya kioo wa nyumba ya kawaida, ulizia Ancistrus, mwenye vishungi puani: sentimita 12 hadi 15, lita 100. Huyo wako mrudishe dukani hata kama hawakupi shilingi. Usimtupe mtoni. Asili yake ni Amerika Kusini, na huko kwingine alikotupwa amegeuka balaa.

*Nakaa Kigoma, ziwa liko mlangoni. Nataka tangi la samaki wa kwetu, lakini rafiki yangu anasema bila lita 500 nisijisumbue.*

Rafiki yako anasema kweli kwa samaki mmoja na anakosea kwa mwingine, na ziwa lenu ndilo linaloonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko yote. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na zaidi ya aina 200 za siklidi (jamii ya sato), karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Ulaya na Marekani watu huwaagiza kwa ndege. Wewe unao mlangoni.

Tuanze na wakubwa. Kuhe mnamla kwa ugali, na mtoto wake kweli anapendeza, ila hupita sentimita 60. Huyo abaki sokoni. Cyphotilapia frontosa, yule mwenye mikanda myeusi na nundu ya kichwa, hupita sentimita 30 na hukaa kwa kundi. Hapo lita 500 za rafiki yako ni haki.

Sasa njoo kwa Tropheus. Ana sentimita 12 hivi, ungedhani tangi dogo linamtosha. Huyu anakula mwani juu ya mawe, na jiwe lake halichangiwi. Ukiweka watatu, mbabe atamwandama mmoja mpaka afe, kisha amgeukie wa pili. Ukiweka 15 kwenye tangi lenye urefu wa sentimita 120 au zaidi, ugomvi unagawanyika, hakuna anayebeba kipigo chote peke yake. Yaani hapa dawa ni kuongeza samaki, pamoja na tangi na chujio la kuwahimili. Hakuna kanuni ya sentimita kwa lita itakayokwambia hivyo.

Lakini ninayempenda mimi ni mdogo kuliko wote: Neolamprologus multifasciatus. Dume ana sentimita nne hivi, jike ni mdogo zaidi, na ni miongoni mwa siklidi wadogo kabisa duniani. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono Neothauma, na makombe hayo yamejaa chini ya ziwa lenu. Tangi la 60 kwa 30 linatosha ukoo mzima. Mchanga uwe laini, sentimita tano kwenda juu, kwa sababu watachimba: anauchota kwa mdomo, anautema pembeni, anarudi, siku nzima, mpaka kombe lizame ubaki mlango tu. Weka makombe mara mbili ya idadi ya samaki wenyewe. Mara ya kwanza nilipotia mkono kwenye tangi la namna hiyo kunyoosha jiwe, samaki mdogo kuliko kidole changu cha mwisho alinishambulia, na nikautoa mkono.

Jambo moja la kuliogopa. Maji ya ziwa yana pH, kile kipimo cha uasidi, karibu 9, na hapo amonia ni kali mno. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki moja kwa mia. Kwenye pH 9 inapita theluthi nzima. Kosa ambalo mtu wa Arusha angelisamehewa, wewe huku litakuulia samaki kwa usiku mmoja. Usiwajaze siku ya kwanza. Anza na watano, chujio likomae, waliobaki watazaliwa humo humo.

*Nina kona nzuri sebuleni. Fundi vioo ananitengenezea tangi la 40 kwa 40, kwenda juu 80. Ni lita 128, siyo? (Mbezi, Dar es Salaam)*

Lita ni hizo. Samaki hawatazifaidi. Hewa huingilia kwenye uso wa maji, na wako ni 40 kwa 40, sentimita za mraba 1,600. Lile tangi dogo la Arusha, 60 kwa 30, lina 1,800. Umeme ukikatika saa nne za usiku mwezi wa pili, pampu ikanyamaza, tangi lako la lita 128 litakuwa na mlango mwembamba wa hewa kuliko hilo la lita 64.8. Na joto linazidisha shida: lita ya maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, ya nyuzi 30 ni 7.5.

Pia samaki huogelea kwenda mbele, hapandi ngazi. Na wewe kuokota jani lililooza chini itabidi uzamishe mpaka kwapa.

Mwambie fundi alilaze: 80 kwa 40, kimo 40. Lita ni zile zile 128, uso wa maji unakuwa 3,200, na kioo kinachotumika kinapungua. Msukumo wa maji kwenye kioo hufuata kimo, kwa hiyo kimo cha 80 kingetaka kioo kinene zaidi na pesa zaidi. Hakikisha silikoni yake si ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Tangi lijazwe nje likae siku mbili tatu kabla halijaingia sebuleni.

*Ghorofa ya tatu, tangi la 120 kwa 40 kwa 50. Sakafu itastahimili?*

Maji peke yake ni kilo 240. Ongeza kioo, changarawe na meza yake, umepita 300. Ghorofa ya zege iliyojengwa vizuri kwa kawaida hubeba, ila liweke ubavuni mwa ukuta mkubwa, si katikati ya chumba, na juu ya meza iliyochomelewa kwa kazi hiyo. Kabati la televisheni hapana. Kama umepanga, mwenye nyumba ajue mapema, asije akajulishwa na jirani wa chini.

*Assalaam alaykum. Nina beta kwenye chupa ya lita moja juu ya meza ya ofisi, Muscat. Amekuwa mzito, hafungui mapezi. Si wanasema beta anaishi popote?*

Waalaykumu salaam. Beta anavuta hewa kutoka juu ya maji, ndiyo maana hafi haraka kwenye chupa, na ndiyo maana wauzaji humpanga rafuni kama soda. Asili yake ni Thailand, kwenye maji ya vuguvugu yenye majani. Anataka nyuzi 24 hadi 28. Kiyoyozi cha ofisi kikishusha chumba hadi 20, lita moja ya maji inapoa nacho kwa saa chache. Huyo ana baridi, na nje ni nyuzi 40! Mpe lita 20, hita ndogo, mfuniko kwa sababu anaruka, na dume mwingine asiwekwe humo kabisa.

*Watoto wamevua kambare wa urefu wa kidole wakamtia kwenye tangi la gapi. Tumwache? (Morogoro)*

Kambare hupita mita moja, hupumua hewa, na usiku mvua ikinyesha hutoka na kutambaa. Tangi la sebuleni la kumtosha sijaliona. Mtoeni jioni hii, kabla taa hazijazimwa, mkamfuge kwenye pipa lenye mfuniko mzito hadi Krismasi. Kisha wahesabuni gapi. Wakipungua, mtazameni kambare tumboni.