Ijue Oveni Yako Kwanza: Kwa Anayeanza Kuoka Nyumbani Nakuru au Kisumu

Mtu akishanunua oveni ya mezani, jambo la kwanza analofanya ni kuomba vipimo vya keki. Anaomba kwa shangazi, kwa jirani, kwa mwenzake wa chama. Akija kwangu namwambia vipimo vipo tele, tuongee kuhusu oveni. Wengine hudhani nawabania siri. Hakuna siri. Vipimo vilevile na mkono uleule vinaweza kutoa keki iliyoumuka vizuri nyumba hii, na nyumba ya pili ikatoka imebonyea katikati na kuungua kichwani, kwa sababu oveni mbili zilizoandikwa 180 hazina joto moja.

Oveni nyingi tunazoanzia ni za lita 30 hadi 45, za wati 1,500 hadi 2,000, zenye koili juu na chini. Ukizungusha kitufe hadi 180, ndani panaweza kuwa 155, au panaweza kuwa 205. Taa ikizima usikimbilie kuingiza keki. Taa inakwambia tu kwamba hewa imepata moto mara ya kwanza, kuta na rafu bado. Iache dakika kumi zaidi. Kisha tafuta kipimajoto cha oveni, kile kidogo cha mviringo kinachoninginizwa kwenye rafu. Kati ya vitu vyote utakavyoshawishiwa kununua, bomba za aising za maumbo thelathini na vikombe vya dhahabu, hicho ndicho kitakachorudisha pesa yake mwezi huohuo.

Kujua joto ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua moto umekaa wapi. Nunua mkate wa gramu 400 uliokatwa, panga vipande kwenye rafu ya kati mpaka vienee pande zote bila kupandana, washa 180, uwe unachungulia kupitia kioo. Vikianza kubadilika rangi vitoe, uviweke mezani kwa mpangilio uleule. Hapo utaona ramani ya oveni yako: pengine kona ya nyuma kulia ni kahawia iliyoiva, mbele kushoto bado ni cheupe kabisa, na katikati kuna mstari mweusi chini ya koili ya juu. Piga picha. Siku ukioka kwini keki kumi na mbili, utajua ni zipi zitakazotangulia kuiva na lini ugeuze trei. Vipande vyenyewe havipotei, vinywewe na chai.

Koili ya juu ndiyo msumbufu mkubwa wa oveni ndogo, maana keki ikiumuka inaifuata. Shusha rafu hatua moja. Keki ikishashika juu, yaani haitikisiki tena ukiigusa trei, ifunike kwa karatasi ya foili bila kuibana. Wenye jiko la gesi lenye oveni wana shida ya upande wa pili: moto unatoka chini na kitako kinaungua. Weka trei tupu rafu ya chini kabisa, ikinge.

Tumalize habari ya stima mapema. Soketi ya ukutani ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000. Oveni ya 2,000 na birika la stima la 2,000 kwenye ekstensheni moja ni kutafuta balaa. Ukiona plagi imekuwa ya kahawia au inanuka plastiki, mwite fundi kabla ya oda yoyote. Kuhusu tokeni, oveni ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula yuniti moja na nusu, lakini ikishapata joto huwa inawaka na kuzima, kwa hiyo itakula pungufu ya hapo. Soma mita kabla na baada, uandike. Stima ikikatika keki ikiwa ndani, usifungue mlango. Ikirudi baada ya dakika chache keki inaweza kupona, hasa kama ilishashika juu. Ikikawia wakati keki bado ni uji katikati, imekwenda hiyo, na hakuna dawa. Ndiyo maana nawashauri wapya waanze na kwini keki: zinaiva kwa dakika 18 hadi 22, na hata stima ya kubahatisha huwa inatosha.

Sasa jambo ambalo vitabu vingi havilitaji. Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, pamoja na kwamba tunaiita chini, iko zaidi ya mita 1,100. Eldoret imepita 2,000. Vipimo vingi tunavyovikuta viliandikwa na mtu wa Uingereza au wa Mombasa, ambako bahari haiko mbali. Huku juu hewa ni nyepesi. Mapovu ya bekingi pauda yanatanuka upesi zaidi, keki inapaa kabla unga na mayai hayajashika, halafu inakosa cha kuishikilia na kuanguka katikati. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi kama 94 Nakuru na kama 96 Kisumu badala ya 100, hivyo keki inakauka mapema. Mtu akiona keki imebonyea anaongeza pauda, kumbe anamwagia moto petroli.

Dawa yake kwa Nakuru ni hii: punguza bekingi pauda kwa robo. Kama vipimo vinasema vijiko vinne vya chai, weka vitatu. Punguza sukari kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa kila kikombe, kwa sababu sukari nyingi hulainisha keki na kuichelewesha kushika. Ongeza maziwa vijiko viwili vya mezani kwa kila kikombe cha unga. Oka kwa 185 hadi 190 badala ya 180, uanze kuchungulia dakika tano kabla ya muda ulioandikwa. Kisumu mara nyingi inatosha kupunguza pauda kidogo tu. Eldoret na Molo unaweza kukaza zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, maana ukibadilisha vyote vinne siku moja hutajua ni kipi kilichosaidia.

Unga unaojiumua wenyewe una shida hapa, kwa kuwa pauda ilishatiwa kiwandani na huwezi kuitoa. Uchanganye na unga wa kawaida, sehemu tatu za huo unaojiumua kwa moja ya kawaida, na usiongeze pauda nyingine juu yake. Mimi ningekushauri uuache kabisa mpaka uzoee. Na ukiwa dukani soma protini kwenye pakiti: gramu 9 au 10 kwa kila gramu 100 hutoa keki laini, 12 kwenda juu upeleke kwenye mkate na chapati. Usidhani kwamba kwa kuwa Njoro wanatafiti ngano hapo karibu, basi unga wote wa Nakuru ni mmoja. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini inatoka nje, na pakiti za mwezi huu zinaweza kunywa maziwa kuliko za mwezi uliopita.

Mizani. Sitaki kubishana na wenye vikombe, ila kikombe cha mililita 250 kilichojazwa unga kwa kijiko polepole kina gramu kama 130, na kilichochotwa moja kwa moja kutoka mfukoni kinaweza kufika 155. Tofauti hiyo kwa vikombe vitatu ni keki nyingine kabisa. Mayai vilevile: yai la kienyeji laweza kuwa na gramu 40 bila ganda, la gredi kubwa 55. Keki ya kuanzia ni rahisi kukumbuka ukipima kwa gramu: siagi 250, unga 250, mayai 250 bila maganda, sukari 220 kwa Nakuru, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, maziwa vijiko vitatu vya mezani, chumvi kidogo na vanila. Ukitumia margarini, soma asilimia ya mafuta. Ile nyepesi ya kupaka mkate ina maji mengi, na keki itakuwa nzito.

Sukari yetu ya viwanda vya magharibi ni tamu na ina harufu nzuri, lakini punje zake ni kubwa. Ukiipiga na siagi kama kitabu kinavyosema, dakika tatu, bado utaisikia inakwaruza chini ya kijiko, na keki itatoka na madoadoa juu. Isage kwanza kwenye blenda kavu, sekunde chache tu, uache vumbi litulie kabla ya kufungua kifuniko. Kisha piga na miksa mpaka siagi ipauke, iwe karibu nyeupe na ijae hewa. Mayai weka moja moja. Unga ukishaingia, zima miksa uchukue mwiko, ugeuze taratibu mpaka usione unga mkavu, basi. Anayeendelea kupiga hapo anatengeneza mpira.

Julai ya Nakuru siagi ni jiwe na mayai ni baridi, mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoganda. Tia mayai na maganda yake kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano. Kisumu mambo ni kinyume. Saa saba mchana siagi inakuwa mafuta kabla hujaanza. Itoe kwenye friji muda mfupi tu kabla ya kuipiga, uifanye kazi hiyo alfajiri. Aising ya siagi tupu haihimili joto la Kondele ikiwa imefungiwa ndani ya tuktuk. Changanya nusu siagi na nusu mafuta mgando ya mboga, utamu unapungua kidogo lakini maua hayatelezi. Mteja anayesisitiza krimu ya kupigwa kwa sherehe ya nje mchana mwambie ukweli mapema. Afadhali akasirike sasa kuliko akasirike mbele ya wageni.

Kabla ya keki za ghorofa, uza mkate wa ndizi. Soko la Kibuye, Kisumu, utapata ndizi zilizoiva mpaka ganda limepiga madoa meusi, zile ambazo mama anataka kuziondoa kabla ya jioni, na bei huwa ni ya maelewano. Hizo ndizo zenye sukari. Ponda gramu 300, tumia magadi ya kuokea (bekingi soda) badala ya pauda nyingi kwa kuwa ndizi ina uchachu wa kuyaamsha, punguza sukari, tupia njugu zilizokaangwa. Ndizi inatunza unyevu, hivyo mkate huu unasamehe oveni mbaya na mwinuko wa Nakuru kuliko keki yoyote ninayoijua. Usiufunike ukiwa moto. Uache kwenye mkebe dakika kumi, uutoe kwenye waya upoe kabisa, la sivyo mvuke utarudi chini na mkate utawahi kuota ukungu.

Kujua kama imeiva, usitegemee saa. Kijiti kitoke bila uji, kingo zianze kuachana na mkebe, na ukibonyeza katikati kwa kidole parudi juu. Mlango usifunguliwe kabla ya theluthi mbili za muda kupita, hata kama shemeji yuko jikoni anataka kuona.

Kwenye bei, watu wapya hujumlisha unga, mayai, siagi na sukari, wakagawanya, wakafurahi. Weka na tokeni au gesi, sanduku, ubao wa chini, nauli, na saa zako. Keki ikikaa saa nne mikononi mwako, hizo saa nne zina bei. Omba nusu kwa M-Pesa kabla ya kununua chochote, hata kwa watu wa kanisani, na hasa kwa jamaa. Atakayekataa kutoa nusu leo hatatoa yote Jumamosi. Ukianza kuuza kwa ukawaida, pita ofisi za kaunti uulize kuhusu leseni ya biashara na cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula. Ukitaka kufunga kwenye pakiti na kupeleka madukani, utahitaji alama ya ubora ya KEBS, na hiyo ina mlolongo wake, usiiache mpaka duka likuulize.

Jina la kuandikwa juu ya keki usilichukue kwa simu ya kuongea. Mwambie mteja akutumie kwa ujumbe, na uandike kama alivyotuma, herufi kwa herufi. Achieng' bila ile alama ya juu, au Nafula aliyegeuka Nafura, na mamake mtoto hataona aising wala maua. Nakili kutoka kwenye simu, si kutoka kichwani, kisha mpigie picha keki umtumie kabla ya kufunga sanduku, kukiwa bado na muda wa kufuta na kuandika upya.