Fundi Anajibu: Taa moja ya Corvette inapanda kwa kusitasita

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, na nina Corvette ya 1976, lile gari la Chevrolet ambalo taa zake za mbele hujificha ndani ya bodi na kuinuka zikiwashwa. Nikivuta swichi ya taa, ya kushoto inachomoka papo hapo. Ya kulia inainuka nusu, inasita, kisha inamalizia kivivu. Taa zikiwa juu injini inatetemeka, nikizishusha inatulia. Gereji moja imebadilisha valvu ya kuzuia hewa isirudi, hali ni ile ile. Sasa wanataka kung'oa mfumo wote wa vakyumu (mnyonyo wa hewa wa injini unaoinua taa) wafunge mota za umeme. Nikubali?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usikubali bado. Hiyo valvu haikuwa na hatia: ingekuwa mbovu, hata taa ya kushoto ingelegea, maana zote mbili zinanyonya kutoka tangi moja la vakyumu. Kushoto kukiwa kuzima, basi tangi, swichi ya taa na ile swichi ndogo chini ya usukani (ya kuinua taa bila kuziwasha) viache kwanza. Ubovu uko kulia.

Na hako katetemeko ndiko kanakosema zaidi. Kila taa ina kopo lenye kiwambo cha mpira katikati na fimbo inayoisogeza taa: upande mmoja ukinyonywa taa inapanda, mwingine ukinyonywa inashuka. Injini kutetemeka taa zikiwa juu tu maana yake ni kwamba hewa inapenya kwenye njia ya kupandisha, inaingia mpaka kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) na kuharibu mchanganyiko wa mafuta.

Hakikisha hivi. Injini ikinguruma na taa zikiwa juu, bana kwa plaizi, taratibu, mpira wa kupandisha unaoingia kwenye kopo la kulia. Injini ikitulia, mwizi ni kopo. Isipotulia, rudi nyuma kuelekea rilei (valvu inayoelekeza vakyumu upande wa kupandisha au wa kushusha), ukikagua mipira kwenye maungio. Mpira wa miaka yote hiyo hupasuka pale pale unapovalishwa. Usiweke vidole kati ya taa na bodi wakati huo, inashuka bila kubisha hodi.

Kopo likishukiwa, zima injini, chomoa mipira yake miwili, uvute kwa pampu ya mkono yenye geji, tundu moja kwa zamu huku lingine likiwa wazi. Sindano ya geji ikianguka pande zote mbili, kiwambo kimetoboka: nunua kopo. Ikianguka upande wa fimbo peke yake, ni sili ya fimbo (mpira unaozuia hewa kupita pembeni mwa fimbo), na hiyo inauzwa yenyewe kwa bei ndogo. Wengi hutupa kopo zima kwa sababu ya sili. Usiipake grisi ya kawaida, inavimbisha mpira. Tumia ya silikoni.

Ukiwa hapo, jaribu kuinua taa kwa mkono vakyumu ikiwa imeisha. Ikiwa nzito kuliko ya kushoto, bushi (vipande ambamo taa huzungukia) zimekauka, na hakuna kopo jipya litakaloisaidia.

Kuhusu umeme, sisemi ni dhambi. Chevrolet wenyewe walitumia mota za umeme 1963 hadi 1967, wakaingia kwenye vakyumu 1968, na Corvette ya 1984 ikarudi kwenye umeme. Lakini kuacha mfumo mzima kwa tundu moja ni gharama ya bure. Ukiamua hivyo hata hivyo, weka makopo, rilei na mipira kwenye boksi: siku ukiuza gari, mnunuzi makini ataviulizia.